Kutembea na maji: Tanga hadi Ushongo kwa miguu na daladala

Tumerudi Morogoro wiki iliyopita na simu imejaa picha. Nimezipanga pamoja na kidaftari nilichokuwa naandika kila jioni, na hii ndiyo safari yenyewe jinsi ilivyokwenda. Tulikuwa mimi na wifi yangu, mwezi wa Julai, wakati kusi, ule upepo wa kutoka kusini, inavuma. Njia yetu ilikuwa ya pwani kutoka Tanga mjini kwenda kusini: Mwambani, Tongoni, Kigombe, Pangani, halafu kuvuka mto mpaka Ushongo. Kwa gari ni mwendo wa saa chache tu. Sisi tuliukata vipande, tukatembea penye vijiji na madiko, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, tukapanda gari pale ambapo barabara inapita katikati ya mkonge na hakuna jingine la kuona.

Kwanza kabisa, angalieni mwezi kabla hamjakata tiketi. Mwezi ukiwa mpevu, na tena ukiandama, maji huwa ya bamvua: yanajaa mpaka kwenye mizizi ya minazi na yanapwa mpaka mwamba wote unabaki wazi. Pwani hii bamvua hupwa asubuhi kwenye saa nne au saa tano na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata inachelewa kwa karibu dakika hamsini. Ukija siku za maji mafu, maji hayaendi mbali na hayarudi sana, na nusu ya yale ninayosimulia hapa hutayaona. Sisi tulichagua mwezi mpevu.

Alhamisi: Morogoro, Segera, Kange

Tuliondoka alfajiri kupitia Chalinze. Mpaka Segera hakuna la kusimulia. Pale tairi la nyuma lilipasuka, na basi likakaa karibu saa mbili likisubiri spea. Jua lilikuwa kali, abiria wamejibana kwenye kivuli cha kibanda kimoja. Mama muuza machungwa alimwona wifi amesimama muda mrefu, akampa kigoda chake, yeye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Tukanunua machungwa ya elfu moja. Tulipoyamaliza akatumenyea mengine manne, na tulipotoa pesa akakataa: ya kwanza yalikuwa ya biashara, haya ya wageni.

Stendi ya mabasi Tanga ni Kange, nje ya mji. Msihangaike na teksi, daladala za kuingia mjini zipo mpaka usiku. Gesti yetu ilikuwa shilingi 25,000 kwa chumba cha vitanda viwili, feni inafanya kazi, neti haina tundu.

Ijumaa: Deep Sea na Raskazone

Diko la Deep Sea tulifika kumi na mbili na nusu asubuhi. Ijumaa wavuvi wengi hawaendi baharini mpaka baada ya swala, kwa hiyo mnada ulikuwa mdogo: mafungu ya kibua, changu, tasi, na nguru wawili ambao mpiga mnada aliwashika mkiani na kuwainua juu ili walio nyuma waone. Nguru mkubwa akaondoka na mwenye hoteli kabla hatujaelewa bei ilifikia wapi. Mnada wa samaki unakwenda haraka sana. Anayetaka kununua asimame karibu na mpiga mnada na awe na chenji mkononi.

Ila Ijumaa ina neema yake, kwamba vyombo vinakuwepo pwani. Maji yalipopwa, mashua zililala ubavu kwenye mchanga na mafundi wakaingia kazini. Tulikaa na fundi mmoja mpaka karibu na adhuhuri. Alikuwa anapiga kalafati. Anachukua pamba, anaisokota mapajani iwe kamba nyembamba, anaichovya kwenye mafuta, halafu anaisukuma kwenye ufa kati ya ubao na ubao kwa chuma bapa, akigonga kwa nyundo ya mti. Anagonga mara mbili taratibu, mara ya tatu kwa nguvu, kisha anasogeza chuma upana wa kidole na kuanza tena. Mlio unabadilika pamba inaposhiba, unakuwa mzito. Yeye anasikiliza huo mlio, macho yake yako kwetu na anaongea. Nilimwuliza chombo kina umri gani. Akanionyesha kwa mkono: "Mataruma na huu mkuku aliweka baba. Mbao za chini hizi zote nimebadili mimi. Hii hapa ya juu nimeipiga mwezi wa Ramadhani."

Mashua ya pili yake walikuwa wanaichoma. Kijana anawasha fungu la makuti makavu na kulipitisha chini ya tumbo la chombo, moto unalamba mbao na kuua wadudu wanaotoboa, na mwenzake anafuata nyuma na kitambaa cha maji kuangalia mbao zisishike moto. Baadaye wanapaka mafuta. Kazi hiyo yote inabidi iishe kabla maji hayajarudi, na maji ya bamvua yakianza kurudi hayabembelezi mtu.

Picha tulipiga baada ya kuomba, na hakuna aliyekataa. Watu wengi wa madiko wamechoka kupigwa picha na mtu asiyewasalimu. Na kwenye bandari kubwa, ile ya meli, wekeni simu mfukoni. Bandari hiyo unaiona vizuri ukiwa njiani kwenda Raskazone, na inafaa kuisimamia kidogo. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba na mizigo ikashushwa kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo. Sasa wameongeza kina na kujenga gati, meli zinafunga ukingoni.

Raskazone tulifika maji yamejaa, watoto wanajirusha kutoka kwenye ngazi za mawe. Hapa ndipo majeshi ya Uingereza kutoka India yaliposhuka Novemba 1914 kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Walishindwa ndani ya siku chache, na katikati ya mapigano makundi ya nyuki yaliwavamia wanajeshi. Wazee wa Tanga bado wanaisimulia habari ya nyuki kwa kupunga mikono. Jioni tulikula mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga, shilingi 4,000 kila mmoja, halafu kahawa na kashata kwenye baraza, ambapo vikombe viwili viligeuka vitano kwa sababu kila aliyekaa aliwalipia waliokuwepo.

Jumamosi: Mwambani hadi Tongoni

Siku hii tuliipangia maji hasa. Bajaji kutoka mjini mpaka Mwambani ilitugharimu shilingi 8,000, na saa nne tulikuwa tumesimama mbele ya uwanja wa mwamba uliokauka hadi mbali, na kina mama wamejitawanya juu yake, wameinama.

Bibi mmoja alituita kabla hatujaingia. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu. Na hizo ndala mnaenda nazo wapi?" Akatuma mjukuu wake nyumbani akaleta yeboyebo jozi mbili, moja ikamtosha wifi, nyingine nikaivaa kisigino kikiwa nje. Wanaokuja: msiende mwambani bila viatu vya kushika mguu. Kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi kwenye kila shimo lenye maji, na mwamba wenyewe unakata.

Tukamfuata bibi. Mkononi ana nondo mbili nyembamba zilizopindwa ncha. Alitufundisha kutafuta mlango: mbele ya pango la pweza kuna magamba ya kaa na makome matupu, na mawe madogo yamesogezwa yakaziba mdomo wa shimo. Mawe hayo hayakuletwa na maji, ameyavuta pweza mwenyewe. Mimi nilipita mashimo matatu ya namna hiyo bila kuyaona, hata baada ya kuambiwa. Bibi aliingiza nondo moja taratibu na kungoja. Mkono mmoja wa pweza ukatoka ukaizunguka nondo, halafu wa pili. Hakuvuta. Aliacha ashike vizuri, ndipo akapitisha nondo ya pili kwa upande na kumtoa kwa mara moja, akamgeuza kichwa ndani nje, na mnyama akalegea. Rangi yake ilibadilika mara tatu kabla hajaingia kapuni: kahawia, nyekundu, nyeupe.

Alikuwa amepata wanne kabla maji hayajaanza kurudi. Mnunuzi anangoja juu ya mchanga na mizani ya kuning'iniza. Siku hiyo kilo ilikuwa shilingi 7,000. Bibi alisema alipokuwa msichana walikuwa hawafiki hata katikati ya mwamba, kapu limejaa. Pwani hii ya Tanga iliteswa miaka mingi na uvuvi wa baruti, mlipuko mmoja unaua samaki wakubwa na wadogo na kuvunja matumbawe wanamoishi. Alituonyesha sehemu tambarare yenye vipande vya matumbawe vilivyovunjika kama vigae, akasema hapo ndipo baruti ilipokuwa inalia. Sasa hasikii tena mlio, na pweza wanarudi kidogo kidogo. Hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasikia safari nzima.

Alikataa pesa ya yeboyebo. Wifi akanunua pweza mmoja kutoka kwake kwa bei ya mnunuzi, tukambeba kwenye mfuko kwenda naye Tongoni.

Kutoka Mwambani kwenda kusini ufuo unakatwa na mikoko, haupitiki kwa miguu. Rudini barabarani. Tulitembea kiasi cha saa moja kwenye vumbi, halafu tukasimamisha pikipiki mbili. Magofu ya Tongoni yana kibao barabarani, ukishuka kuelekea baharini ni mwendo mfupi katikati ya minazi.

Yapo makaburi karibu 40, na msikiti ambao umebaki kuta na kibla chake. Mengi ya makaburi hayo yana nguzo, au yalikuwa nayo; nyingi zimeanguka na zimelala pembeni ya makaburi yake. Kwenye nguzo zilizosimama kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi kutoka mbali. Mji huu ulikuwa na watu na biashara katika karne ya 14 na 15. Aprili 1498 meli moja ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mchangani karibu na hapa, na wenyeji wakaenda na mitumbwi kuwauzia machungwa. Wareno wakaiona milima ya Usambara kutoka baharini, wakaipa jina la meli hiyo. Mwaka uliofuata, wakiwa njiani kurudi kwao, mabaharia wamebaki wachache mno kuendesha meli zote, waliichoma moto meli ile ile pwani hii hii. Mlinzi wa magofu alitueleza hayo akiwa ameegemea kaburi moja lenye ukuta uliochongwa vizuri sana, na alipolitaja neno machungwa wifi akanitazama, maana ngozi za machungwa ya Segera zilikuwa bado kwenye mkoba wake.

Kiingilio kwa Mtanzania ni kidogo na mnapewa risiti. Nendeni alasiri, mwanga unapita chini ya minazi na maandishi na nakshi zinaonekana.

Tongoni hatukupata gesti. Tulikuwa tunauliza pikipiki za kurudi mjini pale mama mmoja muuza vitumbua aliposema hakuna haja, ana chumba cha binti yake aliyeolewa. Tulimpa yule pweza, tukanunua mchele na nazi mbili dukani. Alimpiga pweza juu ya jiwe kwa muda mrefu, akisimama kupumzika na kuendelea, halafu akampika kwa tui zito na ndimu. Tulikula sote kwenye sinia moja uani, sisi, yeye, watoto wake wawili na jirani aliyesikia harufu akapiga hodi. Asubuhi tulimwachia mtoto wake mdogo pesa ya daftari, maana mama mwenyewe hakutaka kusikia habari ya malipo.

Jumapili: Kigombe

Daladala ya kwanza ilipita imejaa, ya pili ilipita imejaa zaidi, ya tatu ikatuchukua. Shilingi 2,000. Kati ya Tongoni na Kigombe ni mkonge na minazi.

Kigombe ni kijiji cha wavuvi hasa. Barabara inapita juu, kijiji kinashuka mpaka mchangani, na mchana kutwa kila njia inakupeleka kwenye vyombo. Tulizunguka polepole. Chaga za kuanikia dagaa zilikuwa tupu, mitambo ya kuchemshia imezimwa, na vijana wamekaa chini ya mkungu wanashona nyavu. Sababu ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa: chombo kinawasha taa gizani, dagaa wanakuja kwenye mwanga, nyavu inazungushwa. Mbalamwezi ikiwaka baharini kote, taa haivuti kitu, kwa hiyo siku za mwezi mpevu wanapumzika na kushona. Anayetaka bamvua na dagaa kwa pamoja aje mwezi ukiandama. Atatembea mwambani asubuhi, na alfajiri atakuta vyombo vinashusha.

Mshonaji mmoja alimfundisha wifi fundo la nyavu. Ana kijiti bapa kilichozungushiwa uzi na kipande cha ubao cha kupimia jicho. Unapitisha uzi, unabana kwa kidole gumba, unazungusha nyuma, unavuta. Yeye anashona macho kumi huku wifi anatafuta fundo lake la kwanza limeenda wapi. Mpaka saa tisa alikuwa ameshona mstari mzima, na mwenye nyavu akasema haufumui, utaenda baharini kama ulivyo.

Hapa ndipo nchi ya silikanti. Samaki huyo alidhaniwa ametoweka tangu zama za kale kabisa, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwapata kwenye majarife, nyavu za macho makubwa, yaliyotegwa kina kirefu, na mwaka 2009 eneo hili likatangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mzee mmoja alituchorea mchangani: mapezi mazito yanayotoka kwenye vitu kama mikono, mkia una ncha ya tatu katikati. Akasema nyama yake ina mafuta mengi na hailiki vizuri, na yeye anaona Mungu alimwumba hivyo ili aachwe.

Gesti ya Kigombe ni ya kawaida, shilingi 15,000, maji ya ndoo. Chakula ulizeni mapema, mkichelewa mama ntilie anafunga.

Jumatatu: Pangani

Barabara ya Tanga hadi Pangani ilikuwa katika ujenzi tulipopita, sehemu lami, sehemu njia ya pembeni yenye vumbi jekundu. Gari lilisimamishwa mara kadhaa kupisha mitambo. Chukueni khanga ya kujifunika kichwa na pua, na msivae nyeupe.

Pangani tulifika saa sita. Mji umekaa kwenye mdomo wa mto, minazi ng'ambo, bahari mkono wa kushoto. Tulitembea ukingo wote kutoka pantoni mpaka mchanga unapoanza, kisha tukaurudia jioni, kwa sababu mto huu una nyuso mbili: maji yakipwa unakimbilia baharini rangi ya udongo, yakijaa bahari inauingia na mashua zinapanda nao bila kupiga kasia. Maji hayo yanatoka Meru na Kilimanjaro.

Nyumba za zamani za mawe bado zipo, nyingine zimebaki ukuta wa mbele na mlango wa kuchonga, mti umeota ndani. Zinaniuma nyumba hizi. Mji huu ulikuwa lango la pembe na la watumwa, na mwaka 1888 ndipo upinzani dhidi ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ulipowaka. Mwakilishi wa kampuni hapa, Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, alitaka bendera ya kampuni ipande na amri zake zifuatwe, na mji ukakataa. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita vile. Julai 1889 Wajerumani waliuteka tena mji, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapa hapa Pangani. Ukisimama mbele ya Boma na kuangalia mto unavyopinda, unaelewa kwa nini kila aliyetaka pwani hii alitaka kwanza mahali hapa.

Tulilala kwa shilingi 30,000, chumba kinatazama mto. Chakula cha usiku kilikuwa wali wa nazi na changu wa kupaka, 7,000. Mpishi alituuliza tunakwenda wapi kesho, akatupigia simu dereva wa pikipiki wa Bweni, ng'ambo ya mto, anayemwamini. Simu hiyo ilituokolea mengi.

Jumanne: Bweni, Kikogwe, Ushongo

Pantoni. Nauli ya mtu wa miguu ni ndogo sana, shida ni kungoja: lori la kokoto liliingia vibaya na likachukua karibu saa nzima kulinyoosha. Watu hawakugomba. Kijana mmoja aliyebeba kuku alisimulia habari za daraja linalojengwa juu ya mto, na kila mtu akatoa hesabu yake ya safari itakavyofupika. Mama mmoja mgonjwa wa presha, anayevuka kila mwezi kwenda kliniki, alisema yeye daraja analitaka jana. Anayetaka kuonja kivuko chenyewe, na mazungumzo ya humo, asikawie.

Bweni dereva wetu alikuwa anangoja kweli. Alitupeleka mpaka Kikogwe, kwenye mkonge. Mkonge wote uliotawala uchumi wa nchi hii kwa miongo ulianzia upande huu wa mto: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, na hiyo 62 ndiyo iliyopandwa. Tulisimama kidogo pembeni ya shamba, upepo wa kusi unapita kwenye majani magumu, halafu tukashuka njia ya minazi mpaka ufukweni. Nauli ya pikipiki mbili mpaka pale ilikuwa 16,000 kwa jumla.

Maji yalipwa saa saba mchana, kwa hiyo tulikuwa na mchanga mgumu wa kutembea. Huu ndio ufuo bora wa safari yote: mpana, minazi nyuma, hauna mtu isipokuwa wavuvi wanaovuta nyavu. Wakituona walisema tuje tushike kamba, tukashika. Kazi yenyewe ni nzito kuliko inavyoonekana, miguu inazama na kamba inachoma viganja. Nyavu ilipofika ilikuwa na ngisi, visamaki na kaa wawili. Nahodha aligawa kwa mafungu kila aliyevuta, na fungu letu likahesabiwa pamoja na mengine. Tulilirudisha kwa mzee aliyekuwa amekaa tu akitazama, na akalipokea bila maneno mengi.

Ushongo tulifika alasiri. Zipo hoteli za gharama, lakini ukiuliza kijijini unapata banda. Letu lilikuwa 40,000 pamoja na chai ya asubuhi. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka. Chukueni pesa taslimu tangu Pangani.

Jumatano: Ushongo

Tulitaka kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho mbele ya Ushongo. Nahodha wa ngalawa alitazama bahari, akaenda mpaka kwenye maji, akarudi. "Dada zangu, leo kusi limekaza. Kwenda tutakwenda, kurudi ndiyo sipendi." Tungeweza kumpata mwingine, watu wawili walijitolea. Tulibaki na yule aliyekataa, tukakaa naye asubuhi yote chini ya mnazi.

Maziwe zamani ilikuwa na mivinje mikubwa, na kasa walikuwa wakitaga pale kwa wingi kuliko karibu popote pengine nchini. Mchanga ukaliwa na bahari, miti ikaanguka, na sasa maji ya bamvua yakijaa kisiwa chote kinafunikwa. Ni hifadhi tengefu ya bahari tangu 1981. Kasa bado wanarudi kutaga, ila mayai yakiachwa pale yanaoza kwa maji, kwa hiyo walinzi wanayahamishia ufukweni Ushongo na kuyafukia upya, na baada ya kama miezi miwili yanaanguliwa.

Bahati ilituangukia. Saa kumi na moja jioni kijana mlinzi wa viota alipita akisema kimoja kimeanza. Watoto wa kijiji walifika kabla yetu. Mchanga ulikuwa umebonyea katikati, unatetemeka, halafu kichwa kimoja kikatokea, kidogo kuliko kifundo cha kidole changu, macho yamejaa mchanga. Kikapumzika. Nyuma yake vikaja vingine vinasukumana, vinapanda migongo ya wenzao. Mlinzi alichora njia mbili mchangani na kutupanga pembeni, hakuna kugusa, hakuna taa ya simu. Mmoja aliangukia kwenye alama ya unyayo wa mtu, akahangaika humo. Mtoto wa kike wa miaka kama sita alimtazama mlinzi, mlinzi akatikisa kichwa kukataa, na yule mtoto akaweka mikono nyuma ya mgongo asije akajisahau. Kasa alijaribu upande wa kulia, akateleza, akajaribu tena, akatoka. Wimbi la kwanza lilimrudisha hatua kadhaa. La pili likamchukua.

Mlinzi alihesabu maganda na kuandika kwenye daftari. Hakuna tiketi rasmi kijijini kwa tukio la ghafla kama hilo; tulichangia shilingi 10,000 kila mmoja kwa kazi ya viota na tukapewa risiti.

Alhamisi: kurudi

Pikipiki mpaka Bweni, pantoni bila kungoja, gari la Pangani hadi Tanga, basi. Tulilala Tanga usiku mmoja zaidi kwa sababu ya vumbi lililojaa nywele.

Kwa atakayependa Maziwe: nahodha wetu anashauri kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiwa imetulia, na kuondoka asubuhi maji yanapopwa ili mfike mchanga ukiwa juu. Mwezi wa Desemba ukiandama sisi tunarudi kwake, na safari hii wifi anataka kufika Kigombe kabla ya alfajiri, dagaa wanaposhushwa.